Delta ya Rufiji: Je, Inafaa Kurudiwa?
Mwongozo kwa anayetaka kwenda mara ya kwanza, na kwa aliyekwishakwenda akarudi anajiuliza

Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, mojawapo ya burudani zake za mwanzo ilikuwa safari ya boti kwenye mto wa kutengenezwa. Waliobuni mto ule walichota mawazo katika sinema ya The African Queen ya mwaka 1951, inayosimulia boti kuukuu ikishuka mto wa Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Viboko wa mto ule ni mashine. Maji yametiwa rangi ili reli inayoiongoza boti isionekane, na kiboko huibuka mahali palepale, leo, kesho na mwaka kesho.

Sinema yenyewe ilipigwa Uganda na Kongo, lakini mto unaotajwa ndani yake unaitwa Ulanga. Ulanga wa kweli upo hapa kwetu. Ni jina jingine la Kilombero, mto unaokutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli na kuanzia hapo kuitwa Rufiji. Maji yake huishia Bahari ya Hindi, yakipita katikati ya mikoko ya Wilaya ya Kibiti.

Wanaokwenda kwenye bustani za sinema huko Ghuba, kama Motiongate ya Dubai iliyofunguliwa 2016 au Warner Bros. World ya Abu Dhabi ya 2018, hutoka na swali moja: je, kuna haja ya kurudi, au nimeshayaona yote? Swali hilohilo linamhusu Mtanzania anayetoa nauli yake kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, akakodi boti, akachafuka tope, akarudi nyumbani. Mwongozo huu unalijibu, kisha unaeleza namna ya kwenda.

JIBU KWA KIFUPI

- Ukifuata manowari ya Kijerumani iliyotengenezewa sinema: safari moja inatosha, na huenda hata hiyo usiihitaji.
- Ukifuata mikoko, ndege, wavuvi na maji yenyewe: rudi, lakini usirudi kwenye maji yaleyale uliyoyakuta mara ya kwanza.
- Machi hadi Mei: ahirisha.
- Mko wawili tu na mfuko ni mdogo: subirini mpate wenzenu.

Meli ya kwenye sinema

Wageni wengi huisikia delta kwa mara ya kwanza kupitia habari za SMS Königsberg, kwa hiyo tuimalize habari hiyo mapema. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, bandarini Zanzibar. Kisha ikaingia delta ya Rufiji na kujificha ndani ya mikoko, karibu na Salale. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Mwezi wa Novemba walijaribu kuiziba njia kwa kuizamisha meli ya mizigo iitwayo Newbridge kwenye mkondo mmoja. Januari 1915 waliiteka Mafia, kisiwa kikawa kituo cha ndege za kuitafuta meli kutoka angani.

Bado hawakuweza kuifikia. Meli zao kubwa zingekwama. Ilibidi zivutwe kutoka Malta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai na siku hiyo Kapteni Max Looff wa Königsberg akaamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu na kutumika katika vita vya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck.

Mwandishi Wilbur Smith aliitumia habari hiyo katika riwaya yake ya 1968, Shout at the Devil, na mwaka 1976 ikatoka sinema ya jina hilohilo, wachezaji wakuu wakiwa Lee Marvin na Roger Moore. Ndani ya sinema meli inaitwa Blücher, na picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Hakuna mkoko wa Rufiji unaouona pale.

Na meli ya kweli nayo haionekani. Wakata vyuma waliichokonoa kwa miaka mingi, na katikati ya miaka ya 1960 masalio yake yalivunjika na kuzama topeni. Nahodha atakuonyesha mahali, utaona maji ya rangi ya chai na mikoko kando. Ukiwa mpenzi wa historia hapo pana uzito wake, maana watu wa mataifa mengi walikufa humu, na wapagazi Waafrika walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Lakini mtoto aliyeahidiwa manowari atavunjika moyo, na asiahidiwe.

Anayetaka kuigusa historia hiyo kwa mkono afuate vipande vyake vilipotawanyika:

- Ngome ya Yesu, Mombasa: umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg.
- Kisiwa cha Chapwani, Zanzibar: yapo makaburi ya mabaharia wa Pegasus.
- Pretoria, kwenye majengo ya serikali ya Union Buildings: upo mzinga mwingine.

Somo moja la vita ile linakufaa hata leo. Kilichoamua nani aingie, nani akwame na nani atoke kilikuwa kina cha maji. Mambo hayajabadilika.

Kwa nini delta haifanani mara mbili

Hapa ndipo penye sababu ya kurudi, na ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa zaidi wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, kiasi cha hekta 53,000, na tangu 2004 imo katika eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kufika baharini, na kila tawi lina mlango wake: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Maji matamu yanashuka, maji ya chumvi yanapanda, yanakutana njiani. Mahali yanapokutana panahama kila siku.

Mara mbili kwa siku bahari hujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Hiyo ina maana kwamba kijito ulichopita kwa boti saa kumi jioni, kesho yake saa nne asubuhi kinaweza kuwa tope tupu lenye kaa.

Kanuni ya kukumbuka kwa pwani hii:

- Siku za bamvua: maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni.
- Siku za maji mafu, wiki moja baadaye: hujaa karibu saa nne asubuhi, na hupwa karibu saa kumi jioni.
- Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.
- Ndani ya delta maji huchelewa kuliko mlangoni. Ukienda juu zaidi, yanachelewa zaidi.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali tayari mfukoni, kwa kuwa tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi ndizo jirani za bamvua. Wavuvi wa delta huhesabu hivyo. Kwa saa kamili, tazama jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari au programu ya simu, chagua kituo cha Dar es Salaam, kisha umuulize nahodha aongeze muda gani kwa sehemu mnayokwenda.

Kwa nini jambo hili lina thamani kwa mgeni? Kwa sababu maji makavu na maji makuu ni matembezi mawili tofauti. Maji yakipwa unaona miguu ya msitu: mizizi ya mkoko iliyojikunja kama vidole, vichipukizi vya mchu vilivyochomoza topeni, kaa wa kila rangi, samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope, na sululu akichokoa kwa mdomo wake mrefu. Boti inabaki kwenye mikondo mikubwa. Maji yakijaa mizizi inafunikwa, ndege wa topeni wanaondoka, lakini sasa mtumbwi unaingia kwenye vijito vyembamba mpaka matawi yanagusana juu ya kichwa. Utaziona aina za miti kwa karibu: mkandaa, msinzi, mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, mlilana ukingoni mwa bahari, na msikundazi kule ambako maji yanaelekea kuwa matamu. Mwambie nahodha akutajie kila mti na kazi yake. Hakuna kitabu kitakachokufundisha vizuri zaidi ya mtu aliyejengea nyumba nguzo za mkandaa.

Delta inabadilika pia kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yaliyaacha matawi ya kusini yakaelekea kaskazini. Kusini chumvi ikapanda, na kilimo cha mpunga kikasogea kaskazini. Sasa upo mradi wa umeme wa Julius Nyerere wenye uwezo wa megawati 2,115, ambao bwawa lake lilianza kujazwa Desemba 2022. Wazee wa bonde waliozoea kulima mlau, yaani kulima kwenye unyevu unaobaki mafuriko yakipungua, wanausoma mto upya. Ukirudi baada ya miaka mitano, waulize. Utapata habari ambayo hukuipata mara ya kwanza.

Msimu upi?

Juni hadi Septemba barabara ni kavu na hali ya hewa ni ya ubaridi kiasi. Upepo wa kusi huchafua bahari ya wazi, kwa hiyo kaa kwenye mikondo ya ndani na usimshinikize nahodha akupeleke mlangoni. Kwa safari ya kwanza, msimu huu ndio ninaoupendekeza.

Septemba hadi Machi wapo ndege wahamiao kutoka Ulaya na Asia. Anayependa ndege arudi kipindi hiki, siku za bamvua, asubuhi. Mvua za vuli huweza kuharibu njia ya Nyamisati, kijiji chenye gati la kupandia boti, mwezi wa Novemba na Desemba, ulizia kabla. Furukombe na mdiria utawaona mwaka mzima.

Machi hadi Mei ni masika, na Aprili ndio mwezi wa mafuriko. Mwaka 2024 mafuriko yalizoa mashamba na makazi ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti. Ni kweli kwamba kamba hupatikana kwa wingi mvua zikinyesha, lakini hiyo ni neema ya mvuvi, na mgeni wakati huo huwa mzigo kwa wenyeji wenye shughuli nzito kuliko kumtembeza.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua tarehe kwa mwezi wa angani, si kwa wikiendi. Amua kwanza unataka maji makavu au maji makuu asubuhi. Kisha tafuta siku za mapumziko zinazoangukia hapo. Ukiweza kulala, lala: siku mbili mfululizo zinakupa kupwa na kujaa, na gharama ya nauli ni ileile.

2. Kusanya watu. Gharama kubwa ni mafuta ya boti, na boti hunywa mafuta yaleyale ikibeba wawili au sita. Tuseme boti, mafuta na nahodha ni shilingi 180,000 kwa siku: watu sita kila mmoja ni 30,000, watu wawili kila mmoja ni 90,000. Ongeza nauli, malazi na chakula ndipo ujue kama safari ina thamani kwako. Bei halisi utaipata kwa kuuliza, na hupanda bei ya mafuta ikipanda.

3. Fika Kibiti au Bungu siku moja kabla. Mabasi ya kusini hupita Mbagala Rangi Tatu, Mkuranga, Jaribu Mpakani, Bungu, hadi Kibiti, mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Dar es Salaam. Nyumba za wageni zipo Kibiti mjini. Kwenda Nyamisati, ukitoka Dar unakata kushoto pale Bungu. Anayesafiri siku hiyohiyo kutoka jijini hufika maji yameshageuka, na hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

4. Jitambulishe. Ukifika kijijini nenda ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti, na kitambulisho chako mkononi. Sema unatoka wapi, mko wangapi, mnakwenda upande gani, mnarudi lini. Wilaya hii ilipitia mauaji ya kutisha mwaka 2017, familia nyingi zilifiwa, na mgeni asiyejieleza huwatia watu wasiwasi bila sababu. Misitu ya mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo ulizia hapohapo kama matembezi yenu yanahitaji kibali. Ndege zisizo na rubani za kupigia picha zina vibali vyake. Usirushe bila hivyo.

5. Tafuta nahodha kwa kuuliza watu zaidi ya mmoja. Muulize mama anayeuza chai pale gatini, muulize mtendaji, waulize wavuvi. Jina litakalotajwa na wote ndilo unalolitaka. Nahodha mzuri kwa mgeni anaujua mkondo na anapenda kuongea.

6. Patana kila kitu kabla ya kupanda. Bei ni ya siku au ya saa? Mafuta ni ya nani? Chakula cha nahodha na msaidizi wake? Mkichelewa kwa sababu ya maji, kuna nyongeza? Lipa sehemu kwanza, malizia mkirudi. Beba pesa taslimu zenye noti ndogo, maana mtandao wa simu hukatika ndani ya mikoko na wakala hayupo kila mahali.

7. Kagua chombo. Jaketi okozi moja kwa kila mtu, la mtoto liwe saizi ya mtoto. Kasia na upondo viwemo hata kama kuna injini. Kopo la kufua maji. Mafuta ya akiba. Kikikosekana kimoja, omba kiletwe, wakikataa, shuka. Hakuna sababu ya kuona aibu.

8. Mwache nahodha aamue saa ya kugeuza. Akisema maji yanageuka, mnarudi, hata kama umeona kitu kizuri mbele. Muwe gatini kabla jua halijazama.

9. Andika. Usiku huo, kabla ya kulala, andika tarehe, mwezi ulikuwa wa ngapi, saa ya kupwa na kujaa, mkondo mliopita, miti na ndege mliowaona, simu ya nahodha, na kile ulichokikosa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama urudi na lini.

TAHADHARI

*Mamba na viboko.* Wapo, na hawakai mahali pamoja. Usioge ukingoni, usioshe vyombo ukingoni, usitumbukize mkono majini boti ikiwa imesimama. Kiboko akionekana mbele, nahodha atazunguka mbali. Usimwombe asogee kwa ajili ya picha.

*Tope.* Tope la mikoko linameza mguu hadi pajani. Usishuke bila mwenyeji kukutangulia. Viatu vya kufunga vizuri au peku, kama wenyeji wanavyofanya. Kandambili zitabaki humo.

*Jua na mbu.* Ndani ya mkondo mpana hakuna kivuli. Kofia, nguo ya mikono mirefu, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Ukilala, chandarua. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime malaria usingoje.

*Watu.* Vijiji vya delta ni vya Waislamu kwa sehemu kubwa. Jistiri, shikamoo kwa wakubwa, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake walio kazini. Usiipige picha bandari au kivuko bila kuuliza.

*Nguva.* Maji ya kati ya Rufiji na Mafia ni miongoni mwa sehemu za mwisho nchini ambako nguva bado hupatikana. Ni wachache mno, mara nyingine hunasa kwenye jarife za papa, na wanalindwa kisheria. Mtu akikuahidi kukuonyesha nguva, usimlipe kwa ahadi hiyo. Akikuletea nyama yake, usinunue. Ninalisisitiza hili kwa sababu pesa ya mgeni mmoja inaweza kumfanya mvuvi asimwachie mnyama aliyenasa akiwa hai.

Makosa yanayomfanya mtu aseme "nimeshapaona"

Mara nyingi anayesema delta haina jipya alikwenda mara mbili kwenye maji mamoja. Alikwenda Jumamosi ya mwezi mpevu, akarudi Jumamosi ya mwezi mpevu mwingine, saa ileile, mkondo uleule, akakuta mambo yaleyale. Lingine ni kwenda mbio: kupanda boti, kupiga picha, kushuka, kuondoka, bila kukaa na mtu. Vijiji kama Salale, Kiomboni, Mbwera na Nyamisati yenyewe vina watu wanaojua kusimulia. Wanyagatwa wamekaa humu vizazi na vizazi wakivua na kulima. Ukiomba kuona shamba la mpunga utaonyeshwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, familia hukaa humo msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, maji yakipita chini yao. Mwanafunzi wa darasa la sita atajifunza jiografia zaidi hapo kwa asubuhi moja kuliko kwa muhula mzima.

Kosa jingine ni kununua starehe ambayo mahali hapa hapana. Anayetaka bwawa la kuogelea, mteremko wa maji na aiskrimu kwa watoto aende Kunduchi Wet 'n' Wild, atafurahi. Asije Nyamisati akanung'unika.

Safari ya pili iweje?

Chukua karatasi yako uliyoandika. Ulikuta maji yamepwa asubuhi? Sasa nenda wiki ya maji mafu. Ulizunguka upande wa Simba Uranga? Mwombe nahodha yuleyule, na nasisitiza yuleyule, akupeleke upande mwingine. Nahodha anayekufahamu hatarudia aliyokwambia, ataanzia mlipoishia, na bei yake mara nyingi huwa ya mtu anayejulikana. Ulikwenda mchana mmoja? Lala. Ulikwenda kutazama? Safari hii nenda na mvuvi wa kamba au kaa, ukae kimya ndani ya mtumbwi wake, umlipe muda wake kwa haki.

Mwenye siku za ziada anaweza kuunga safari kwa njia mbili. Ya kwanza ni kivuko cha MV Kilindoni kutoka Nyamisati hadi Mafia; uliza ratiba pale gatini, nayo hufuata maji. Ya pili ni kurudi Kibiti na kupanda bara hadi kijiji cha Mloka, kwenye lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Huko utaupanda Rufiji uleule ukiwa na maji matamu, viboko kwa makundi na mamba juu ya mafungu ya mchanga. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, na hulipwa kwa namba ya malipo, si pesa mkononi. Gari la kukodi ndilo litakalokugharimu, na njia ya Mloka ni ndefu na mbaya mvua ikinyesha. Nenda kati ya Juni na Oktoba.

Wakati wa kusema hapana

Usirudi kama safari ya kwanza uliifuata meli peke yake. Usirudi kama mwenzako anaogopa maji na unamlazimisha. Usirudi kama mko wawili na pesa ni ya karo, mikoko itakusubiri. Na usirudi na kundi la watu 15 wenye spika ya muziki: ndege wataondoka kabla hamjafika, na wavuvi watawakumbuka kwa ubaya.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUONDOKA

☐ Tarehe imelinganishwa na mwezi na jedwali la maji
☐ Nahodha amethibitisha kwa simu jana
☐ Kitambulisho, na nakala yake
☐ Pesa taslimu, noti ndogo
☐ Jaketi okozi zimehakikishwa, za watoto pia
☐ Maji ya kunywa, chakula cha mchana, mfuko wa kurudishia taka
☐ Kofia, mikono mirefu, kanga au kikoi
☐ Mfuko wa plastiki mgumu wa kuhifadhi simu
☐ Dawa zako za kila siku, na chandarua kama mnalala
☐ Darubini, ya kuazima ikibidi
☐ Daftari na kalamu
☐ Mtu nyumbani anayejua mko wapi na mnarudi saa ngapi

Kama hujawahi kwenda, tafuta siku za mwezi mpevu kati ya Juni na Septemba, kusanya wenzako watano, na mfike Bungu siku moja kabla. Kama ulishakwenda na bado unayo namba ya nahodha wako, mpigie leo umuulize maji ya wiki ijayo yanajaa saa ngapi.